Jukwaa la Timazi

Mama alimpokea binti yake begi mlangoni, akamketisha, akampakulia chakula kabla hata hajanawa mikono, na muda wote huo alikuwa anaongea. Kwa kawaida mama huyu ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo binti alijua kuna jambo.

"Baba yuko wapi?"

"Uwanjani. Jukwaa keshamaliza. Usimsumbue, utamwona jioni."

Binti alikuwa amesafiri tangu usiku ili awahi sherehe za kiangazi, zile ambazo mji wao mdogo huzisubiri mwaka mzima kana kwamba hakuna jingine la kusubiri, na kusema kweli hakuna. Alipotoka kwenda uani kunawa, aliona kamba. Ilifungwa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, ikakatiza uani usawa wa kiuno, ikaishia kwenye karakana ya baba. Haikuwa ya kuanikia nguo. Ilikuwa imelainika na kung'aa, kama kitu kinachopapaswa kila siku.

"Mama, hii kamba ya nini?"

Mama akajifanya hamnazo, akafunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena. Halafu akaketi.

"Macho ya baba yako yamekwisha, hiyo kamba ndiyo inamfikisha karakana. Anaona mwanga tu. Mwaka wa pili huu."

"Na jukwaa kajenga nani?"

"Yeye. Njia ya uwanjani ameikariri kwa hatua. Mimi nampangia mbao, yeye anapapasa, anafunga. Mwaka jana lilisimama wala halikutikisika. Mwanangu, nakuomba, usimwambie mtu. Wakijua, kazi watampa mwingine, na yeye watamkalisha kivulini na chupa ya soda, kila mpita njia amwonee huruma. Baba yako hataweza."

Binti hakuonja chakula. Alivaa viatu akiwa tayari njiani.

Mji mzima ulimwita baba yake Timazi, ile kamba yenye uzito ambayo mafundi hupimia wima, kwa sababu alichokisimamisha kilisimama wima. Kila mwaka alijenga jukwaa la sherehe, na kila mwaka, ngoma ya kwanza ikilia, aliingia chini yake, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa mpaka wimbo wa mwisho. "Kama nimekosea, liniangukie mimi kwanza," husema. Watu walilipenda sana jambo hilo, wakawasimulia wageni. Mama alisema ni ukaidi tu.

Uwanja ulikuwa umefurika. Binti alijipenyeza hadi kwenye jukwaa, akalizunguka akilikagua kama alivyofundishwa utotoni, siku zile alipokuwa ndiye msaidizi wa karakana. Boriti zilikuwa zimenyooka. Vichwa vya skrubu vilipangwa mstari mmoja, vimezama sawasawa na mbao. Akashusha pumzi, hata akaona aibu kumtilia shaka mzee wa watu. Kisha akainua pazia la kitambaa na kuingia chini.

"Nani?" baba aliuliza kutoka kwenye ndoo yake.

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba! Umekuja kweli." Akanyoosha mkono, akampata begani, akatabasamu. "Umeliona? Limependeza, sivyo?"

Binti aliinua macho. Pale boriti ya mbele ilipokutana na nguzo, skrubu nne zilikuwa zimepita kando ya nguzo. Ncha zake zilining'inia hewani, mpya, zinameremeta. Vichwa vilikaa vizuri kwa nje kwa sababu vidole vya baba viliweza kuvihisi. Ncha hakuna aliyezigusa. Boriti ilishikwa na skrubu moja tu, na hiyo nayo ilikuwa imeuma ukingo tu wa nguzo.

Nje, mwenyekiti wa kamati alisimama na kipaza sauti kando ya ngazi. "Na sasa, kwaya ya watoto wetu wa shule ya msingi! Walimu, wapangeni, waanze kupanda."

"Baba, watoto wasipande. Boriti ya mbele haijashika."

Tabasamu likafutika. "Mama yako kakwambia."

"Naiona kwa macho yangu."

"Mwaka jana ilishika."

"Mwaka huu haijashika, baba."

"Usinifundishe kazi niliyokufundisha mimi. Ukitoka hapa ukasema, usinihesabu tena kuwa baba yako."

Hakuwahi kumsemesha hivyo. Ilimwuma binti. Kutoka na kusema kulikuwa rahisi, sentensi moja tu, lakini angekuwa amemmaliza baba yake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mji. Na ngazi ilikuwa imeanza kulia. Mtoto wa kwanza alikanyaga ubao juu ya vichwa vyao, vumbi likawadondokea, na boriti ikashuka kidogo sana, kiasi cha ukucha.

Akaukamata mkono wa baba. Mzee aliuvuta, binti akaung'ang'ania, akauinua kwa nguvu, akakiweka kidole cha baba kwenye ncha ya skrubu.

Baba alishtuka kama aliyeshika kaa la moto. Kisha akakirudisha kidole mwenyewe. Akaigusa ile ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akatafuta mahali nguzo ilipopaswa kuwa, akakuta hewa. Uso wake ulizeeka pale pale.

"Shukeni!" akanguruma, sauti ikapenya mbao. "Shukeni wote!"

Miguu ikakimbia kurudi ngazini. Baba akamshika binti mkono. "Nitoe nje."

Mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa amekataa kushikwa hata na mkewe njiani sasa alitoka chini ya pazia akiongozwa, mbele ya kila mtu anayemjua. Mwenyekiti alicheka. "Timazi, leo umeamua kutuimbia?" Akampa kipaza sauti.

"Jukwaa lisipandwe," baba alisema. "Nimelijenga vibaya. Sioni. Mwaka wa pili sioni, na niliwaficha."

Tatizo ni kwamba alikuwa ameelekea upande usio na watu. Aliongea na ukuta wa ghala, mgongo wake ukiwa kwa umati. Vijana wawili walicheka. Binti aliinua mkono amgeuze, akasita, maana akimgeuza, baba atajua kwamba aibu yake yote ameimwaga ukutani.

Ndipo alipomwona mama. Alikuwa amefika akihema, kanga imemteleza kichwani. Alipita mbele ya watu wote, akaenda kusimama kati ya mumewe na ule ukuta, akamtazama usoni. Mwalimu wa kwaya akawashika watoto mikono, akamfuata. Kisha wakainuka waliokuwa kwenye mabenchi, na wale vijana wawili, na mwenyekiti akibeba kiti chake mwenyewe, wote wakitembea kwa kunyata asije akawasikia wakihama.

"Ningeweza kuwaulia watoto," baba alikuwa anasema. Akasikia mtu akikohoa mbele yake, karibu. Akanyoosha mgongo, akaendelea kuwaomba radhi.