Miguu ya Redempta

Mwaka ule, Waingereza wakiwa bado wanatawala, mvua ilinyesha vizuri Ilongero, na uwele ukarefuka kumpita Redempta. Yeye alikuwa na mimba kubwa, mimba yake ya kwanza, na kila jioni miguu ilimvimba hadi vifundo havionekani.

Mama mkwe wake, Kristina, alimwonea huruma. Alimwambia maji yamemzidi mwilini, aache kunywa. Redempta aliona ni neno la maana: kama maji yamejaa hadi miguuni, ya nini kuongeza mengine? Akawa analowesha midomo tu. Haukupita muda, akiwa anafukuza ndege shambani, macho yakaingia giza, akaanguka katikati ya uwele.

Mumewe, Alute, alimpandisha punda hadi zahanati ya misheni. Mkunga wa pale, Mama Klara, alimpima presha, kisha akachemsha mkojo wake kwenye kichupa juu ya moto kuona kama utaganda, maana mkojo unaoganda ni dalili ya kifafa cha mimba. Haukuganda, na uso wa Mama Klara ukakunjuka. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, pakabaki kishimo.

"Mama, nimejaa maji namna hii, na bado mdomo umenikauka," Redempta alisema. "Inakuwaje?"

"Maji unayo, mwanangu, ila hayakai mahali pamoja. Mengi yamo ndani ya nyama yenyewe. Mengine yanatembea kwenye damu, na mengine yanakaa kwenye nafasi za katikati. Haya ya miguuni yametoka kwenye damu, na kwa kuwa mtoto amekandamiza mishipa, yanachelewa kurudi juu. Ukiacha kunywa, damu ndiyo inayopungukiwa. Ndiyo maana ulianguka."

Akamwagiza anywe maji ya kutosha, alale kwa ubavu wa kushoto, apumzike miguu ikiwa juu, wala asibebe mtungi. Alute akauliza, sasa maji yatatekwa na nani. Mama Klara akamnyooshea kidole yeye mwenyewe.

Kisimani wanawake walipomwona Alute na mtungi, walicheka hadi wakakaa chini. Siku ya kwanza Alute alifika nyumbani amelowa kifuani, mtungi umebaki nusu. Redempta, miguu juu ya ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa, alicheka mpaka mtoto akacheza tumboni. Lakini alikunywa kata nzima, na kizunguzungu hakikurudi.

Uwele ulipokuwa unavunwa, akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Luciana. Siku zilizofuata Redempta alikuwa mtu wa kwenda kukojoa tu, usiku na mchana, na jasho likimtoka, mpaka akaingiwa na wasiwasi. Kristina ndiye aliyemtuliza safari hii, maana alikuwa amekwenda mwenyewe kumuuliza Mama Klara: ni yale maji yanatafuta njia ya kutoka.

Asubuhi moja Redempta alikaa mlangoni akimnyonyesha Luciana, akanyoosha miguu juani. Vifundo vilikuwa vimerudi, vyembamba kama vya msichana. Akamwita Alute aje avione.