Njia ya Kwenda kwenye Mwamba wa Chafya

Bosi alikuwa mtoto wa kike wa mwaka na nusu. Jina hilo alibandikwa na baba yake, fundi wa majokofu, wiki ile ile aliyozaliwa, baada ya kuona kwamba nyumba nzima sasa inalala anapotaka yeye na kuamka anapotaka yeye. Mama yake naye akawa Mama Bosi, na pale alipofanya kazi, kwenye nyumba ya wageni karibu na ufukwe, wenzake hawakumwacha apumue. Kila akipita na shuka mikononi, mtu alimwomba amtafutie ruhusa kwa mwanawe.

Kazi yake ilikuwa kufua na kukunja. Mkuu wa chumba cha kufulia alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mrefu ambaye akiona doa kwenye kitambaa cheupe alinuna kana kwamba ametukanwa yeye. Walipatana. Ukikuta mtu na mkwewe wanashika ncha mbili za shuka moja mchana kutwa bila kurushiana maneno, jua wamepatana kweli.

Sasa, Bosi alikuwa na tabia yake: mchana halali mpaka abebwe mgongoni na atembezwe. Tena si kuzungushwa uani, maana hapo alishtuka mapema kwamba anadanganywa. Ilibidi miguu ya mama yake iende mahali. Ufukweni hakukufaa, kulikuwa na muziki, jua kali, na watu wametandazwa mchangani kama nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo tangu likizo ya uzazi Mama Bosi alishika vijia vya nyuma, vile vinavyoanzia kwenye kamba za kuanikia na kupotelea vichakani. Leo alifika kijito. Siku nyingine alikivuka. Kisiwa kile wageni walikijua kwa mchanga wake tu, na wenyeji wenyewe, tuseme ukweli, walikuwa wamekipa mgongo wakatazama bahari. Yeye, kwa ajili ya usingizi wa mtoto, alikigeukia. Ndivyo alivyokuta kidimbwi cha maji baridi chini ya mawe yaliyoegemeana. Ndivyo alivyoteremka korongo siku moja akakuta mwamba mweusi wenye tundu, na bahari iliyo chini yake inasukuma maji juu, puu, kama mtu anayepiga chafya. Bosi aliamka. Badala ya kulia, alicheka mpaka akapata kwikwi.

Hakumwambia mtu ila mumewe, naye alidhani mkewe anatia chumvi.

Mambo yalianza na wageni wawili, nesi aliyekuwa likizoni na kaka yake, dereva wa malori. Walikuwa wamemaliza kila kinachouzwa: boti yenye sakafu ya kioo, soko la vinyago, picha ya machweo. Asubuhi moja wakati wa chai, nesi alimlalamikia mwenye nyumba, aliyeitwa Madamu na kila mtu, kwamba picha zake zote ni za watu wanaopiga picha. Aliuliza kama kisiwa hiki hakina mahali ambapo mtu anaweza kuchafua viatu na asiuziwe miwani ya jua. Madamu akakuna kichwa. Mama Bosi alikuwa anapita na taulo.

"Mahali papo," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Mwaka uliopita alikuwa amesoma darasa la jioni la uongozaji watalii, kwenye shule ya msingi ya jirani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Cheti alikuwa nacho. Alichokosa ni wageni wa kuwaongoza. Madamu akasema sawa, keshokutwa twende, na mimi nakuja. Pakiwa pa maana, utaacha kufua na utakuwa unapeleka wageni. Pakiwa ni pori tu, basi, habari hii tusiisikie tena humu ndani.

Siku hiyo hiyo jioni Mama Bosi alichana shuka kuukuu la njano likawa vipande vyembamba, akapanda navyo, akavifunga kwenye matawi kila mahali njia inapogawanyika. Mwalimu wao alikuwa amesisitiza jambo hilo: alama ziwekwe ili hata wa mwisho kwenye msafara asipotee. Alirudi nyumbani amechanika mikono na moyo umetulia.

Asubuhi ya safari, baba yake Bosi aliitwa ghafla kutengeneza jokofu la duka la samaki, na Bosi aligoma kuachwa kwa jirani. Mama mkwe akasema yeye atambeba, kwani safari yenyewe si ya kwenda mwezini. Akajifunga vizuri, akavaa raba za mwanawe zilizomzidi kidogo, akajiweka mwisho wa msafara.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na huku chini Mama Bosi hakuhitaji alama yoyote. Kwenye kijito nesi alivua viatu akavuka huku anapiga vigelegele vya kimyakimya, vya mtu anayeogopa kuwaamsha ndege. Kwenye kidimbwi dereva alitumbukia na fulana yake, akatoka anatetemeka, akasema miguu yake miaka yote imejua klachi na breki tu, na leo imegundua kazi nyingine. Madamu naye, Mama Bosi alimwona akichota maji kwa kiganja, akinawa uso, akichota tena. Mama Bosi akawaeleza wasikawie. Mwamba unapiga chafya wakati maji yanajaa. Ukiwahi sana unakuta povu tu, ukichelewa tundu limeshafunikwa na unatazama bahari kama bahari nyingine yoyote. Leo wana nafasi nzuri, wakienda moja kwa moja.

Wakapanda. Juu ya kidimbwi miti ilisongamana, na hapo vijia vilivyochorwa na mbuzi vilikutana na kuachana ovyo. Mama Bosi alitafuta njano. Hakuiona. Akajiambia ni mbele kidogo. Akasogea mbele kidogo, kisha akarudi, kisha akashika kijia kingine kilichokwenda kugonga ukuta wa miiba. Jasho likaanza kumtoka mahali ambapo hapakuwa na joto. Nyuma yake alisikia Madamu anashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayeanza kutunga maneno ya kusema baadaye.

"Mwanangu, unatafuta nini?" aliuliza mama mkwe.

"Vitambaa, mama. Vya njano. Nilivifunga juzi kwenye matawi."

Mama mkwe akainamisha macho kwenye raba zake. Akamhamisha Bosi kutoka bega moja kwenda jingine.

"Vile matambara?" alisema mwishowe. "Nilivitoa jana."

Ikabidi aeleze yote, palepale, mbele ya watu. Jana alikuwa anaanika, akaona kitu cha njano kinapepea kichakani. Akasogea: kipande cha shuka, tena shuka analolijua, lililopita mikononi mwake miaka. Akaona na kingine mbele yake, na kingine. Akadhani upepo umerarua nguo ya wateja na kuitawanya msituni. Wageni wapite hapo kesho, waone matambara machafu ya nyumba yetu yananing'inia kwenye miti? Aibu ya nani? Alifuata kimoja kimoja mpaka hapa juu, akakusanya vyote. Akavifua. Akavitia wanga. Akavipiga pasi.

"Viko kwenye kapu, vimekunjwa," alimaliza kwa sauti ndogo ambayo Mama Bosi hakuwahi kuisikia kwake. "Nilitaka siku yako iwe safi."

Dereva aligeuza uso akakohoa, mabega yanamtikisika. Nesi akamkanyaga mguu. Hata Mama Bosi alihisi kicheko kinamtekenya kooni, lakini kilikuwa kimekaa jirani na kilio na hakuthubutu kufungua mlango. Aliwaza chumba cha kufulia, mvuke wake, beseni lake lenye ufa. Aliwaza mwalimu wa jioni, aliyesema kiongozi asidanganye watu anaowaongoza hata siku moja, maana uoga wake watautambua kwenye visigino vyake.

"Dada," aliuliza nesi taratibu, "tumepotea? Tupite wapi?"

"Hapana. Nimepoteza alama. Njia ipo. Nipeni dakika chache, kaeni hapo kwenye jiwe."

Kisha akamwendea mama mkwe na kumwomba mtoto. Hakuwa na hila yoyote kichwani. Alitaka tu kumshika mwanawe, basi, kama mtu anavyotaka kushika ukuta gizani. Akamweka mgongoni, akakaza kanga kifuani, akapiga ile hatua ya kumrusha kidogo ili akae sawa. Na hapo mwili wake ukamwambia kitu. Hakuwahi hata mara moja kupita hapa mikono mitupu, isipokuwa juzi alipokuwa na haraka na vitambaa. Siku zote alipita na uzito huu, ameinama hivi, anatazama chini hivi. Aliacha kutafuta njano. Akatazama chini.

Mzizi uliojikunja kama mkono wa kikombe. Hapa ndipo alipokuwa akisimama kumpandisha Bosi asiteleze. Baada ya mzizi, kulia, ambapo siku moja alimnyonyesha amekaa kwenye gogo. Gogo lilikuwepo, limelala kimya chini ya majani. Akaita watu waje. Baada ya gogo akasita tena, vijia viwili vimelingana kama mapacha, na ni mgongoni kwake alipohisi mkono mdogo unanyooka kushoto. Bosi alikuwa anataka tawi. Kulikuwa na tawi pale, limeshuka, lenye majani mapana yanayong'aa, ambalo kila walipopita lazima achume jani moja la kutafuna na lazima anyang'anywe. Mama Bosi akaenda kushoto.

"Sasa nimeelewa kwa nini anaitwa Bosi," alisema dereva kwa nyuma.

Waliusikia mwamba kabla ya kuuona. Kwanza mngurumo chini ya miguu, kama lori linalokataa kuwaka, ndivyo alivyosema dereva mwenyewe. Wakateremka korongo kwa matako na mikono, Madamu akiwa amevua viatu vyake vya heshima na kuvishika kwa ncha za vidole viwili, hajali tena. Wakatokea kwenye uwazi. Mwamba mweusi, bahari pande tatu, hakuna mtu, hakuna kibanda, hakuna nyayo. Tundu lilivuta pumzi. Kisha likapiga chafya, na nguzo ya maji ikapanda juu kuliko minazi, ikasimama kidogo angani, ikawaangukia wote.

Nesi alikaa chini, maji yanamchuruzika usoni, simu iko mfukoni na hakuitoa. Alimwambia kaka yake kwamba mwaka mzima amekuwa akiwasimamia watu wapumue, na leo ameona hata jiwe linapumua. Kaka yake alikuwa ameligeukia tundu. Alikuwa anasubiri chafya nyingine, mdomo wazi.

Madamu alisimama pembeni, gauni limemganda mwilini. Alizaliwa ndani ya kisiwa kile. Baba yake alizaliwa humo.

"Jumamosi wanakuja wengine," alisema. "Utawaleta?"

"Nitawaleta, Madamu. Na huyu mtoto atakuwa mgongoni, asije mtu akaona ajabu."

"Sijaona ajabu." Akafikiri. "Sasa nani atanifulia?"

Mama Bosi akageuka kumtazama mama mkwe, kwa hofu kidogo, maana shuka lina ncha mbili na yeye alikuwa anaiachia moja. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mwamba, raba zimejaa maji, amempokea Bosi, anamkausha nywele kwa pindo la kanga yake iliyolowa, kazi isiyo na maana yoyote. Hakuinua macho.

"Utatafuta mtu, Madamu. Kisiwa hakijaishiwa mikono," alisema. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mimi nimewafulia wageni tangu mumeo hajazaliwa, mwanangu. Wananipenda, hawajawahi kunikosea adabu. Lakini siku zote wananiuliza neno moja tu: shati langu limekauka? Basi. Leo nimesimama nyuma kabisa kule, nikasikia mgeni anamuuliza mtu wa nyumba yangu, tupite wapi."

Akasafisha koo, akamkabidhi mtoto.

Nyuma yao nesi alikuwa ameinuka, anakamua ncha za blauzi yake. Aliuliza kama kuna njia ya kurudi inayopitia tena kwenye kile kidimbwi, au wapande upande mwingine waone na kile kilima. Mama Bosi alikaza kanga kifuani, akatazama jua lilipofika, akawaambia njia zote mbili zinapitika, na ya kilimani ina upepo mzuri. Wakamwachia atangulie.