Mshika Kifuniko

Kopo la biskuti lilibaki wazi.

Katika nyumba ya Sjoerd Hiemstra, kopo lilifunguliwa mara moja kwa kila kikombe cha kahawa. Kila mtu alichukua biskuti yake moja, kisha kifuniko kikarudi mahali pake kwa mlio ambao Wietske aliujua tangu hajaanza shule. Lakini Jumapili ile ya Novemba, mvua ikipiga madirisha ya mbele, baba yake, Sjoerd, alimsukumia Annemiek, mwenzi wake mpya, kopo, akasahau kulifunga. Annemiek akachukua ya pili. Wietske, kompyuta mapajani, alilitazama kopo kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake ulioachwa wazi wakati wa baridi.

“Haya, mkuu wa msafara,” alisema Jelmer, kaka yake, miguu yake akiwa ameipandisha juu ya kiti cha mama yao. “Nyumba yetu ipo au haipo?”

“Natazama.”

Kila majira ya baridi walikwenda kwenye msitu wa Drenthe, katika nyumba ileile ya mbao ya kukodi kando ya bwawa, yenye jiko la kuni na mlango usiofungika mpaka uuinue kidogo. Zamani aliyechagua wiki alikuwa mama. Alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia Wietske. Hakuna aliyempa, aliiokota tu, kama mtu aokotavyo skafu ya mwenziwe na kujivika. Alikuwa msichana mkimya. Kwenye maktaba alikofanya kazi, asubuhi nzima ingeweza kupita kwa maneno ya kuhesabika. Ila katika jambo hili moja, wote walinyamaza wamsikilize yeye.

“Na supu isisahaulike,” Jelmer alisema. “Bila supu mimi siendi.”

“Supu gani?” aliuliza Annemiek.

Ndugu wawili wakatazamana.

“Ya njegere,” Wietske alijibu. “Hupikwa siku moja kabla, ikalala, ikawa nzito mpaka kijiko kisimame chenyewe. Kisha tunasafiri nayo garini.”

“Garini? Si mpikie hukohuko? Jiko si lipo?”

Jelmer aliangua kicheko. “Baba, umetuletea mtu wa kusini! Kwao Brabant supu huliwa ingali inatiririka.”

“Kwetu Brabant,” Annemiek alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake, “supu haifungwi mkanda wa gari.”

Baba alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho.

Wietske hakuwa amekisikia kicheko kile tangu siku za mama hospitalini. Ilimpasa afurahi; badala yake aliinamisha macho kwenye kompyuta. Miaka mitatu amekitafuta kicheko hicho. Amekitafuta kwa supu ya mama, kwa sufuria ya mama, kwa vichekesho alivyoviweka akiba wiki nzima ili avitoe Jumapili. Na sasa mwanamke huyu, aliyeingia katika nyumba hii masika tu, alikuwa amekipata kwa sentensi moja, tena bila kukitafuta.

Ile sufuria nayo ilikuwa na desturi yake. Mama aliibana katikati ya miguu yake kwenye kiti cha nyuma, na Wietske, kando yake, alikishika kifuniko, kwa maana kilipinda zamani na hakikukaa. Mama alipoondoka, Wietske alifanya kazi zote mbili peke yake. Katika kila mzunguko wa barabara supu ilimwagikia soksi zake. Jelmer alipojitolea kumsaidia, alimjibu, “Naweza.”

“Annemiek ana zamu Krismasi yote,” baba alisema. Annemiek aliwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. “Tazama wiki ya kwanza ya Januari.”

Wietske alitazama. Nyumba yao ilikuwapo, bwawa kando yake, na alama ya kijani ya nafasi wazi ikimngoja.

“Imejaa,” alisema.

Neno lilitoka dogo na safi, kana kwamba halikuwa lake. “Wiki iliyobaki ni ya Krismasi.”

Annemiek aliinuka kwenda jikoni kuchukua birika la kahawa. “Basi nendeni Krismasi,” sauti yake ilisikika kutoka huko. “Mniletee makombo ya supu.”

Baba alilivuta kopo, akalifunga. Mlio ulikuwa uleule ambao Wietske aliutamani muda mfupi uliopita.

“Nendeni ninyi wawili,” alisema. “Mimi nitabaki.”

“Baba!” Jelmer alishusha miguu.

“Akitoka zamu atakuta nyumba baridi. Najua ilivyo kurudi kwenye nyumba baridi.” Alilisema bila manung’uniko, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. “Nimezoea. Yeye sitaki azoee.”

Wietske hakuwahi kuifikiri nyumba hii siku ya Jumatatu. Jumapili alizokuja, aliikuta na joto. Sasa tu alielewa kwamba kulikuwa na mtu aliyeamka mapema kuliwasha.

Annemiek alirudi na birika. Alipita nyuma ya kiti cha Wietske, akainama kumimina, akasita. Kompyuta ilikuwa wazi bado: nyumba, bwawa, alama ya kijani. Wietske alikuwa amechelewa kuifunga. Alingoja sauti. Alingoja uso wa baba yake ugeuke.

Kahawa ilijaa kikombeni mpaka pale ilipopaswa kufika.

“Kurasa hizi zina usingizi,” alisema Annemiek. “Kazini tunazibonyeza mara mbilimbili. Hebu jaribu tena, Wietske.”

Macho yao yakakutana. Hayakuwa macho ya huruma, wala ya vitisho. Yalikuwa macho yaliyochoka, ya mtu anayetandika vitanda vya wengine kila asubuhi na anajua watu huficha nini chini ya mito.

Wietske alibonyeza.

“Ipo,” alisema. “Wiki ya kwanza. Ile ile nyumba yetu.”

“Si nilikwambia hiyo kompyuta ni ya enzi za Nuhu!” Jelmer alisema, na miguu yake ikarudi kitini.

Baba alilifungua kopo tena. Alimsukumia Wietske kwanza.

Baadaye, jikoni, Wietske aliosha vikombe, Annemiek akavifuta. Kikombe cha mwisho kilipokauka, Wietske alipanda juu ya kigoda, akaishusha sufuria kutoka rafu ya juu, akaiweka mezani kati yao.

“Ndiyo hiyo?”

“Ndiyo.”

Annemiek alikiweka kifuniko juu yake. Kiliyumba, upande mmoja ukainuka. “Hiki hakikai.”

“Hakikai. Lazima mtu akishike. Hasa ile mizunguko ya barabara kule Assen.” Wietske alifuta maji mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Mimi nitaibana sufuria.”

Annemiek alilaza kiganja juu ya kifuniko, kiganja chekundu kwa sabuni na maji ya moto, akakituliza.

“Hivi?”

Wietske aliutazama mkono ule, pale ambapo wake ulikuwa siku zote.

“Kaza kidogo,” alisema.