Rangi Aliyoipaka Redio

Watu wa kwao waliotapakaa katika ule mji wa ugenini walimwita Redio, na yeye jina hilo alilipenda. Nani kapata kazi, nani kafukuzwa na mwenye nyumba, nani kaposwa akakataa, yote yalipita kwake kwanza, yakatiwa chumvi kidogo, ndipo yakaruhusiwa kwenda mjini. Mumewe alikuwa Taratibu. Ukimwuliza saa ngapi, anaitazama saa, anaifikiria, halafu ndiyo anakujibu. Watu walisema Mungu alipowaoanisha wale wawili alikuwa anatafuta wastani.

Waliishi sebuleni kwa dada yake Taratibu. Sofa yao ilikuwa ya kukunjua: ikikunjuliwa ni kitanda cha mke na mume, ikikunjwa ni kiti cha wageni, na wageni katika nyumba ile hawakukatika. Redio hakuchukia nyumba iliyojaa watu, kinyume chake, aliipenda kuliko chakula. Alichotaka ni iwe yake, yeye ndiye wa kusema karibuni. Wifi yake alikuwa mkarimu mwenye ulimi. Sahani anakupa, na neno la kuteremshia anakupa. Siku moja mgeni aliuliza hawa wawili wamekaa pale tangu lini, naye wifi akajibu, huku akimimina chai, kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu, na hawa wake jembe aliwapa zamani, wamelifanya mto, wamelilalia. Sebule nzima ilicheka. Redio alicheka kuliko wote, kisha akaenda bafuni, akafungua maji, akakaa humo mpaka macho yakarudi rangi yake.

Ndiyo maana Taratibu alipoleta habari ya kiwanja, Redio hakumwacha hata avue viatu. Nyuma ya ghala alikofanya kazi ya kupakia mizigo kulikuwa na uwanja wenye maji na umeme, na mwenye ghala aliwaruhusu wafanyakazi waishi pale, kila mmoja na karavani yake, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari. Ilibaki nafasi moja na wenye kuitaka walikuwa wengi. Sharti ni kwamba karavani iwe imekaguliwa, imeandikishwa, na ina namba zake za barabarani. Ukifika bila namba, unageuzwa getini.

Waliipata kwa mzee mmoja mwenyeji, dereva wa treni aliyestaafu, mjane, anayekaa mwisho wa mji. Karavani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imezeeka kwa heshima. Mapazia yamefuliwa, vikombe vimetundikwa kwenye vijindoano, kila kimoja na chake. Vilikuwa vya marehemu mkewe, na alisema viende pamoja na nyumba yao. Taratibu alijilaza chini kukagua matairi, na Taratibu akikagua tairi anakagua mpaka hewa ya ndani. Mzee akaona asimwache mama wa watu amesimama bure. Akampeleka mbele, kwenye ule mkono wa chuma unaofungwa nyuma ya gari, akainama, akaweka kidole mahali palipokuwa na kutu na makwaruzo, akaanza kueleza. Alieleza sana.

Sasa, lugha ya wenyeji Redio aliijua ile ya sokoni: kilo, punguza, mbovu hii, asante. Katika maneno ya mzee halikupita hata moja. Lakini Redio kuonekana hajaelewa? Afadhali aonekane bila nguo. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na moyoni akajifasiria mwenyewe kwamba masikini huyu baba anaomba radhi kwa ile kutu. Akampigapiga begani kumwambia asijali. Mzee akatabasamu, akaridhika. Wakaagana vizuri.

Karavani ilipofika uani kwa wifi, wageni walitoka kuitazama kama inavyotazamwa maiti ya mtu asiyejulikana. Mmoja akasema ni kopo la samaki. Wifi akaongeza kwamba wakilala humo, asubuhi wasisahau kufuta sosi ya nyanya. Redio alicheka tena. Ila safari hii hakwenda bafuni, alikwenda dukani kwa wauza vifaa vya ujenzi, na kwa kuonyesha vidole akarudi na msasa, puti ya kuzibia mashimo, na rangi ya samawati.

Kwao mtu haendi ofisini hivi hivi. Ukienda kuandikisha mtoto, kudai cheti au kusalimia mkubwa, unaoga, unapiga pasi, unavaa kile kiatu kinachokuumiza. Basi na karavani nayo ilikuwa inakwenda kuandikishwa. Jumamosi Taratibu akiwa kazini, Redio alifunga kitambaa kichwani, akaisugua kuanzia juu hadi chini. Alipofika kwenye ule mkono wa mbele aliparua kutu, akakuta vishimo-vishimo vidogo vimepangana, na vingine vimelika. Akajua hapa ndipo palipomtia mzee haya. Akapashindilia puti, akapasugua ikikauka mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto, akapaka rangi mara mbili. Wifi alikuwa kwenye dirisha la jikoni na kikombe chake, akatoa kichwa, akasema hapo mbele hata chuma chenyewe kitasahau umri wake. Kwa wifi, hiyo ilikuwa sifa. Redio aliiona karavani inang'aa, akajiona na yeye anang'aa.

Siku ya ukaguzi wifi ndiye aliyewavuta kwa gari lake. Redio alivaa gauni lake la harusi za watu. Uwanja wa wakaguzi ulikuwa mpana, una mistari ya njano na foleni ya magari, na wenye magari wamesimama kando wakitazama ya wenzao. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye tochi shingoni. Alipoiona ile samawati alitabasamu. Alikagua taa, akakagua breki, akatia alama. Kisha akaja mbele, akainama, akapitisha kidole juu ya ule mkono. Akakirudisha. Akapiga magoti, akawasha tochi, akagonga kwa ufunguo: ko, ko, halafu mahali pamoja, du.

Redio akaanza kunyoosha mikunjo ya gauni lake.

Mkaguzi aliposimama, lile tabasamu lilikuwa limekwisha. Alizungumza na Taratibu kwa ukali, na watu wa foleni wakasogea kidogo, kama watu wanavyosogea. Taratibu akamgeukia mkewe.

"Anasema hapa ndipo namba ya chesisi hupigwa, kwenye chuma chenyewe. Anasema mtu ameiziba. Na huku anayeziba namba ni mwizi, au kanunua kwa mwizi." Akafikiri. "Wewe ndiye uliyepaka rangi. Uliiona?"

"Sikuona namba mimi," Redio alisema. "Labda ni yule mzee."

Neno la kwanza lingeweza kuponea kidogo, kwa kuwa alichokiona yeye ni vishimo. La pili lilitoka lenyewe, mbio, kama kuku aliyeachiwa mlango. Na huenda lingepita hivyo hivyo kama lingekuwa mikononi mwa mkalimani mwingine. Lakini Taratibu alilichukua, akalipima, akalitafutia maneno mazuri, akaliweka mbele ya mkaguzi moja baada ya moja kama mtu anayepanga matofali. Redio hakuelewa ila neno moja tu katika yote: mzee. Mkaguzi akachukua simu.

Waliambiwa wasubiri. Taratibu alibaki karibu na karavani, wifi na Redio wakakaa kwenye benchi. Redio alianza kusimulia habari za uchumba mmoja uliovunjika, ili kujaza hewa.

"Wifi," alisema wifi yake, bila kumtazama, "leo pumzika."

Baada ya muda wifi akasema tena, kwa sauti ya chini ambayo Redio hakuwahi kumsikia nayo, "Nilikuwa dirishani."

Wifi, ambaye angeweza kumpasulia palepale mbele ya mumewe na foleni nzima, ambaye kwa jambo dogo tu la chumvi kuzidi aliweza kukuchekeshea watu wiki nzima, alifunga mdomo na kutazama viatu vyake. Redio angelipa chochote atukanwe. Alijiona kadogo kama kidonge cha piritoni. Alijipa moyo: yule mzee ni mwenyeji, yuko kwao, watamfanya nini? Wao ndio wageni, wao ndio wa kufukuzwa. Akisema kweli sasa, kiwanja kinakwenda, mumewe anaumbuka kwa kutafsiri uongo, na ile sofa inamsubiri, imekunjuliwa. Hesabu zake zilikuwa nzuri, na kila alipozimaliza masikio yalizidi kumwaka.

Mzee akaja na kigari chake kidogo. Alikuwa amevaa ndala za ndani na soksi, maana yake aliitwa akatoka vilevile. Aliwaona, akanyanyua mkono. Hakumwendea mkaguzi kwanza, alimwendea Redio. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kifuniko cha birika, kidogo, cha bati, kina kifundo cheusi. Birika walikwenda nalo na vikombe, kifuniko kilisahaulika kabatini. Alidhani ameitwa kwa ajili ya kitu kilichopungua, akakileta. Akamwekea kiganjani, akamfunga vidole.

Ndipo mkaguzi alipomwita. Redio hakuhitaji kutafsiriwa. Alimwona mzee akisikiliza huku akitabasamu, kisha akisikiliza bila kutabasamu, kisha uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake. Watu wa foleni walimtazama. Pengine mmoja wao alimfahamu. Mzee akageuka, akamwonyesha Redio kwa kidole, bila hasira, kama anayemwomba shahidi wake aseme.

"Anasema alikuonyesha," Taratibu alisema. "Siku ile. Anasema alikupeleka mbele, akakuwekea kidole juu ya namba, akakueleza uwe unaipangusa mafuta isiliwe na kutu. Anasema ulielewa. Ulimshika bega."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya uwanja ule ilikuwa ya saruji.

"Ni mimi," alisema. Kisha akaona kwamba neno hilo kalisema kwa lugha yake, mahali palipo salama, kwa mumewe. Akamwendea mkaguzi. Alijipiga kifua, akaonyesha ule mkono wa chuma, akafanya kwa kiganja kama anashindilia, kama anasugua, kama anapaka. "Mimi," alisema kwa lugha ya wenyeji, na neno jingine alilokuwa nalo ni lile la sokoni, akalitumia kwa ajili yake mwenyewe. "Mbovu. Mimi mbovu."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Taratibu hakucheka. Alimtazama mkewe muda mrefu, kama anavyotazama saa.

Mkaguzi hakupiga kelele. Alileta chupa ya dawa ya kuyeyushia rangi na kikwangulio, akavitia mikononi mwa Redio, akarudi nyuma. Redio akapiga magoti na gauni lake la harusi za watu. Samawati ilitoka kwa vipande, puti ikatoka kwa unga, na tarakimu zikaanza kujitokeza moja moja, zimepinda, zimelika, lakini ni zilezile za kwenye kadi ya usajili ya mzee. Mkaguzi alizisoma kwa tochi kwa sauti, mzee akiitikia kila moja kwa kichwa. Kisha muhuri ukagongwa. Walipata namba zao, na kiwanja wakapata.

Mzee alikuwa anaelekea kwenye kigari chake. Redio akamkimbilia. Taratibu akajongea ili amtafsirie, yeye akamzuia kwa mkono, kwa kuwa neno lake la mwisho lililopita kinywani mwa mumewe lilikuwa lile la uongo. Alikuwa na neno moja tu la lugha ile linalokaribia, lile watu wanalokuambia wakikukanyaga kwenye basi. Akalisema. Akalirudia.

Mzee alimtazama magoti yake yaliyojaa samawati. Akajibu kwa lile neno linalojibiwa kwenye basi, ambalo mtu hulisema kidole kikiuma au kisipouma. Akavaa kofia, akaingia garini na ndala zake.

Leo karavani iko nyuma ya ghala, na siku za mapumziko hujaa mpaka watu wengine hunywa chai wamekaa ngazini. Wifi huja, ulimi wake uko palepale, ila kuhusu siku ile hajatamka neno. Yote ni samawati isipokuwa kipande kile cha mbele, ambacho Redio hukipangusa mafuta kwa kitambaa. Kila mgeni mpya huuliza mbona hapo hamkumalizia rangi. Redio, mwenye jibu la kila swali katika mji ule, huinuka na kwenda kutazama kama birika limechemka.