Gazeti Ndani ya Masweta

Sindano ya kushonea magunia ilimwingia Eliakimu kwenye kidole gumba ikatokea upande wa pili. Akaichomoa, akanyonya kidole, akaendelea kushona. Damu ikigusa mzigo wa mtu, mwenye mzigo anakata ujira. Alikuwa amepiga magoti kwenye ujia mwembamba nyuma ya Tianxiu, jengo la maduka ya Waafrika mjini Guangzhou, ambako walinzi walimruhusu afunge marobota kwa sharti kwamba afagie na asionekane. Hilo la pili alilishika kuliko la kwanza, maana viza yake ilikuwa imekwisha zamani.

Katika kufunga alikuwa na jina. Wafanyabiashara walisema Eliakimu anaweza kumtia ng'ombe kwenye kiroba akafika Afrika bado anatoa maziwa. Mkongomani mmoja aliapa mbele ya watu kwamba alifungiwa pikipiki, ikafika injini ingali ya moto. Uongo mtupu, lakini ndio uliomlisha.

"Kaka Eliakimu."

Martina alikuwa amesimama juu yake, simu mkononi. Kazi yake ilikuwa kununua masweta ya shule kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu na kumtumia dada yake Goodness, ambaye aliyauza nyumbani. Ni mtu wa utani. Hapiti pale bila kumwuliza Eliakimu ataoa lini na kama bibi harusi naye atafungwa kwa mikanda ya plastiki. Leo hakuuliza.

"Wamemkamata Goodness."

"Nani kamkamata?"

"Bandarini. Wamefungua robota letu, wamekuta gazeti la Mwalimu Haroun ndani ya masweta. Kila sweta, kaka. Limekunjwa mle kama karatasi ya kiwandani."

Eliakimu alikiangalia kidole chake. Damu ilikuwa inatengeneza tone jingine.

"Kwa nini walifungua? Masweta huwa hawafungui."

"Si unamjua Goodness? Walimwomba kitu kidogo. Wenzake wote wakatoa, wakapita. Yeye akawaambia ushuru nimelipa, risiti hii hapa, sitoi hata senti. Wakamwambia, haya mama, basi tunakagua." Martina alicheka kicheko kibaya. "Yuko mahabusu na presha yake. Wanasema yeye ndiye msambazaji. Wewe ndiye uliyefunga, kaka. Hizo karatasi uliziona?"

"Viwanda vya hapa vinaweka karatasi za kila namna," alisema Eliakimu.

Maneno yalitoka yenyewe, laini, kana kwamba yalikuwa yamekaa mdomoni yakingoja swali.

Martina akatikisa kichwa kukubali. "Hivyohivyo ndivyo nilivyomwambia wakili. Kwamba hajui kitu, na hicho ndicho tunachokishika." Akapekua mkoba, akatoa plasta, akachuchumaa na kumfunga kidole, taratibu, kama anayemfunga mtoto. "Utakuja kupata pepopunda wewe, na mke huna."

*

Mwalimu Haroun alifundisha historia sekondari mpaka siku alipofundisha historia ya mwaka huohuo waliokuwa nao. Alikimbia usiku ule, akazunguka nchi kadhaa, akatua Guangzhou kwa shemeji anayeuza simu. Hapo akaanzisha gazeti, akaliita *Dirisha*. Lilichapwa kwenye karakana moja karibu na soko la vitambaa la Zhongda, kwenye ile karatasi laini wanayokunjia mashati. Laobani wa karakana, bosi mwenye tumbo na roho nzuri, hakusoma neno. Aliamini ni urembo wa nembo ya nguo, na kuna mara alishauri herufi ziongezwe ukubwa, zinapendeza.

Mtandaoni lilikuwapo pia, kwa waliokuwa nje. Nyumbani lilizibwa. Aliyekutwa nalo kwenye simu alikwenda na simu yake. Kwa hiyo Haroun alitaka karatasi, na sababu ya kutaka karatasi ilikuwa hadithi moja, ambayo aliisimulia kila aliponunuliwa tambi.

"Warusi, ndugu yangu! Waliomkimbia mfalme wao. Tajiri mmoja aliweka mtambo London, akachapa gazeti la Kirusi, likapenya mpaka ikasemwa mfalme mwenyewe analisoma kitandani. Wakapita wale, wakaja wengine. Leo wako Ujerumani, kesho London, keshokutwa Uswisi, mtambo unawafuata. Karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu! Likaingia kwa masanduku yenye sakafu mbili. Likaingia ndani ya vizibao. Likaingia kwenye mapipa ya samaki! Polisi anapekua samaki, anakuta samaki, anakwenda zake ananuka." Akapiga meza, mchuzi ukaruka.

Eliakimu alimsikiliza kama mtoto. Kisha siku moja akauliza, "Na waliobeba, Mwalimu? Walikuwa kina nani?"

"Wanafunzi. Mabaharia. Wanawake wengi sana."

"Majina yao?"

Haroun alikuna ndevu. "Historia haikuwaandika wote. Waliokamatwa walipelekwa Siberia."

"Basi hiyo historia haina adabu. Mhariri ana jina, mbebaji hana."

Haroun aliweka chini vijiti vyake vya kulia akamtazama kwa furaha ya mwalimu aliyesahihisha madaftari mabovu siku nzima, ghafla akakutana na jibu.

Toleo la masweta lilihusu bandari. Katikati yake, kwenye safu nzima, alikuwamo Eliakimu: "Mfanyabiashara E. asimulia." Jinsi friji zake zilivyozuiwa kwa sababu hakumpa mkubwa chake, zikapigwa mvua mpaka milango ikashikana na kutu, duka likafa, na mke akahamia kwa mwenye friji nzima. Hakuwahi kuona maneno yake yakiwa yamechapwa. Alikwenda nalo chooni akalisoma, akalinusa, akalisoma tena.

Magazeti yalikuwa na njia yake: mzigo wa mtu mmoja aliyejua na kukubali. Safari hiyo mzigo wake ulichelewa kiwandani. Haroun, tumpe haki yake, alisema wasubiri.

Eliakimu ndiye aliyekataa kusubiri.

Kati ya watu wa kontena za kuchangia kuna mazoea yanayoitwa kujazia. Robota likiwa na uwazi, mfungaji anaweka kitu cha mwingine, na kule liendako mtu wa ghala anakitoa kabla mwenyewe hajaja kuchukua. Haombwi mtu ruhusa. Kila mmoja amewahi kubeba viatu vya asiyemjua, au nywele za bandia za mke wa mchungaji. Hakuna anayeuita wizi. Bila kujazia, nusu yao wasingekuwa na biashara. Kwa hiyo Eliakimu alipoyakunjua masweta ya Martina, akatoa karatasi nyeupe za kiwandani na kuweka *Dirisha*, mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea. Kichwa kilifanya nyingine. Kilichagua. Kulikuwa na marobota mengine pale, lakini alilitaka la Goodness, kwa kuwa nani angemshuku Goodness, mwanakwaya, mlipa ushuru, mwanamke anayerudisha chenji iliyozidi? Alitumia uaminifu wa mtu mwingine kama gunia.

Mtu wa ghala hakuwahi kulifikia robota. Uaminifu uleule ulilifungua.

*

Alimkuta Haroun nyuma ya duka la shemeji yake, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, uso unang'aa.

"Umesikia? Kaa, kaa! Toleo jipya limetoka asubuhi hii." Akamgeuzia simu.

Goodness alikuwa akitabasamu katika sare ya kwaya. Juu yake, herufi nene: MAMA ALIYEBEBA UKWELI. Chini: alijua hatari, akakubali, akabeba kwa hiari.

"Hakujua," alisema Eliakimu.

"Ndugu—"

"Hakujua, Mwalimu! Mimi niliweka, na wewe unajua niliweka mimi!"

"Teremsha sauti." Haroun alifunga pazia. "Nikisema hakujua, ni mama wa sokoni aliyeonewa, na walioonewa wako tele, hakuna atakayegeuza shingo. Nikisema alijua, ni bendera. Dunia itauliza. Wale Warusi—"

"Wale Warusi hawana presha! Goodness ana presha!"

Haroun aliiweka simu gotini. Alionekana kuumia, na kuumia kwenyewe kulikuwa kwa kweli.

"Si wewe uliyeniuliza mbona wabebaji hawaandikwi? Swali lako halikunipa usingizi. Sasa nimemwandika. Kwa jina, na kwa picha. Nilidhani utafurahi."

"Futa."

"Nikifuta, watasema tumeogopa. Halafu limeshasambaa, ndugu yangu. Limeshafika Toronto."

*

Alimpata Martina Guangyuan Xilu, katikati ya wachukuzi wanaoburuta mizigo na kupiga kelele watu wapishe. Alikuwa akibishania bei ya masweta ya bluu kwa kikokotozi, maana duka la Goodness lilikuwa wazi na watoto wa Goodness walikuwa wanakula. Eliakimu alimwambia palepale, amesimama, akimtazama muuzaji badala ya Martina. Alimwambia yote, hata lile la kuchagua.

Martina hakupiga kelele. Alikirudisha kikokotozi kwa muuzaji kwa mikono miwili.

"Nimekufunga plasta," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Ulinyoosha kidole ukafungwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Una shati safi?"

"Ninalo."

"Kalivae. Ukayaseme hayo kwa afisa."

Afisa wa ubalozi mdogo, aliyewapokea baada ya siku tatu za kungoja, aliitwa Bwana Sostenes, mtu mpole, kucha safi, aliyewaita watu wote kwa heshima na kuwaacha wote wamesimama. Eliakimu alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mkono wake: ni mimi niliyeweka, Goodness hakujua, nipo tayari kuapa. Bwana Sostenes alisoma mpaka mwisho, bila haraka.

"Mwandiko mzuri, mzee. Shule za zamani hizo."

"Naomba ipelekwe mahakamani, mheshimiwa."

"Ikaseme nini?"

"Kwamba hakujua."

Bwana Sostenes alifungua droo akatoa karatasi. Goodness alikuwa anatabasamu katika sare ya kwaya, safari hii kwa rangi nyeusi na nyeupe. "Hapa wameandika alijua. Akakubali. Kwa hiari. Mwendesha mashtaka ameshaiwasilisha kama kielelezo."

"Hilo ni *Dirisha*," alisema Martina.

"Ndiyo, dada yangu."

"Si mmelifungia? Waziri si alisema redioni kila mstari wake ni uongo?"

"Ni gazeti la uongo, kweli kabisa."

"Sasa?"

"Sasa hapa limesema kweli," alisema Bwana Sostenes, na hakutabasamu hata kidogo.

Eliakimu aliweka pasi yake juu ya meza. "Basi nichukueni mimi. Nikamateni. Viza imekwisha, nirudisheni nyumbani nikaseme mwenyewe mbele ya hakimu. Mbadilisheni na mimi."

Afisa aliitazama pasi bila kuigusa, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza.

"Ya viza hayo ni ya Wachina. Mimi sijakuona hapa. Na nauli ya kukurudisha haina fungu." Akainama mbele, sauti yake ikawa ya mtu anayemsaidia mwenzake. "Nenda kapumzike, mzee wangu. Mtu tunaye tayari."

Mhudumu aliingia na chai. Kikombe kilikuwa kimejaa kupita kiasi, kinatiririka pembeni. Bwana Sostenes alikipokea, akatafuta pa kukiweka kisije kikaharibu meza. Akakiweka juu ya kurasa mbili za Eliakimu, akaanza kukoroga sukari, na Martina akabaki amesimama palepale akiutazama wino unavyotanuka.