Vigelegele kwa Wafu wa Mgodini

"Ni rangi tu, Mama! Rangi ya sauti!"

"Rangi? Kwani mimi fundi wa kupaka kuta?"

Atieno alisimama katikati ya ukumbi wa mazoezi wa okestra, katika mtaa wa Schaerbeek huko ughaibuni, karatasi ya muziki mkononi, wenzake wanne wa kwaya ya kanisa nyuma yake. Aliyewaleta ni bintiye Anaïs, mpiga viola, aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi katika okestra hiyo. Bwana Wieczorek, mtunzi kutoka Poland, alitaka wanawake wa Kiafrika wapige vigelegele katika simfonia yake, pale wachimba makaa wanapofukiwa mgodini.

"Watu wamefukiwa na mawe, sisi tuwashangilie! Wameoa?"

"Mama, huo ndio mtindo wake. Fidla zinasugua noti zote kwa pamoja kama ukungu, filimbi zinapuliza hewa tupu, halafu sauti zenu zinapasua. Haangalii maana."

"Basi anunue kipenga cha polisi. Kinapasua vizuri na hakina wifi wa kukisema. Wangu akisikia redioni nimeshangilia maiti, utamjibu wewe?"

"Mimi nimemzika kaka yangu juzi tu, jamani," Imelda, mmoja wa wale wanne, akasema kutoka nyuma.

"Mkiondoka nitaaibika," Anaïs alinong'ona. "Kazi yenyewe sijaipata."

Mtunzi akaja akitabasamu, skafu shingoni ndani ya joto lile. Akauliza kwa Kifaransa kama kuna tatizo.

"Lipo," Atieno akamjibu kwa Kifaransa hichohicho. "Hii uliyoandika ni sauti ya harusi. Kwenye msiba, kwetu tunapiga nduru."

Akaipiga. Moja, ndefu, mikono kichwani. Mpiga tromboni akaweka simu chini.

Wieczorek alifumba macho. "Ajabu! Hiyohiyo! Ila fupi zaidi, ya chinichini, mara sita."

Atieno alimtazama kama nyanya uliyoigeuza sokoni ukakuta upande wa pili umeoza.

"Mara sita. Kafa nani mara sita?"

"Mama, tafadhali…"

"Wewe rudi kwenye kiti chako. Ulikipata kwa vidole vyako, si kwa koo langu." Akamgeukia mtunzi. "Huyu mpime kwa viola yake. Sisi hatumo."

Akaiweka karatasi juu ya kinara cha kuwekea muziki, maandishi yakiangalia chini.

"Kina mama, mikoba!"

Wote watano wakatoka kwenda kungoja tramu.