Fomu Iliyotaka Wawili

Mkokoteni wa ng'ombe, kwa asiyejua, una nusu mbili. Kuna mbao na kuna chuma. Katika kibanda cha mabati kando ya shamba la ngano la serikali, njia ya Basotu, mbao zilikuwa za Tadeo na chuma kilikuwa cha Halfani, na kwa miaka sita hakuna aliyewahi kuwauliza mpaka uko wapi.

Tadeo alikuwa seremala, Mkatoliki wa Getanuwas, mpole hadi kukera. Halfani alitoka Katesh, kwenye familia ya Waislamu wenye maduka, lakini biashara ilimshinda, akaenda kutengeneza mashine za kuvunia ngano mpaka shamba lilipoanza kupunguza watu. Walikuwa na vijana kumi na wawili wanaojifunza kazi. Ukimuuliza Tadeo wangapi ni wa dini ipi, angekutazama kama umemuuliza wangapi wanapenda uji.

Shida yao ilikuwa umeme. Mashine ya kuchomelea ilitumia jenereta ya shamba, kwa hisani ya meneja, na siku hizo dizeli ilikuwa ya kubahatisha. Jenereta ikinyamaza, Halfani alikaa juu ya tairi akinywa chai, na vijana mmoja mmoja wakarudi nyumbani kuchunga. Bila jenereta yao wenyewe, kibanda kingekufa. Wote wawili walilijua hilo, na lilimnyima Tadeo usingizi.

Kwa hiyo Letisia, binti aliyekuwa akiandika barua za parokia, alipoleta fomu, Tadeo aliona sala zake zimejibiwa. Letisia akawaamkia, akaketi kwenye benchi la kupigia randa, akaeleza kwamba kuna wafadhili wa nje wanaotoa ruzuku ya kuimarisha ushirikiano kati ya vikundi vya dini na vya jamii vinavyohudumia vijana.

"Basi ni sisi," alisema Tadeo. "Waambie wameshafika."

Letisia akatikisa kichwa. Fomu ilitaka vikundi viwili au zaidi, kila kimoja na katiba yake, mwenyekiti wake, muhuri wake na mahali pake. Wao walikuwa kimoja tu, na kikundi kimoja hakiwezi kushirikiana na chenyewe.

Tadeo akauliza kama ina maana waliokwisha kuungana hawapewi kitu. Letisia akasoma tena ukurasa wa pili, akasema ndivyo inavyoonekana, baba. Halfani akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa chenye grisi.

"Yaani tuachane ili tufungishwe ndoa," akasema. "Haya fundi, nipe talaka yangu."

Wakapeana, kwenye karatasi tu. Kikazaliwa kikundi cha parokia, cha mbao, na kikundi cha msikiti, cha chuma. Letisia aligawa vijana kwa kuangalia majina. Patriki, ambaye kuchomelea kulikuwa damuni mwake, akaandikwa kwenye mbao kwa kuwa alibatizwa. Doto, msichana aliyewashinda wote kwa randa, akaandikwa kwenye chuma kwa kuwa baba yake ni mtu wa kuswali. Palipoulizwa kama vikundi hivi vimewahi kufanya kazi pamoja, Letisia aliwashauri wajibu hapana, ili uhitaji wao uonekane. Tadeo alijikuna kichwa, akaweka sahihi. Halfani akaweka ya kwake chini yake, kwa kalamu ileile.

Laiti karatasi zingekuwa na adabu ya kukaa kwenye faili. Kila kikundi kilihitaji kamati, na kamati zikajaa watu ambao hawajawahi kushika hata nyundo. Wajumbe wa parokia wakaja kuuliza jiliwa, ile ya kubania vyuma na mbao mezani, ni ya nani. Hakuna aliyejua, ilikuwa ya kibanda. Wajumbe wa msikiti wakauliza mbona kikundi chao hakina mahali pake kama fomu inavyodai, na mgeni wa wafadhili anakuja kukagua. Ikafungwa kamba katikati ya kibanda, yakatundikwa magunia matupu ya ngano. Mgeni alipiga picha upande mmoja, akatoka nje, akaingia upande wa pili, akapiga nyingine, akaondoka ameridhika kabisa.

Tadeo alitaka kuishusha kamba siku ileile. Mwenyekiti wa kamati ya parokia akamkataza mpaka majibu yatoke, na majibu yakachelewa. Akajikuta anasema "wenzetu wa upande ule" akimtaja mtu ambaye alimsikia hata akikohoa. Siku moja aliomba tupa ya kunolea msumeno, akiomba kupitia magunia, na sauti ya mjumbe mmoja ikamjibu kwamba aandike barua. Halfani alikuwa palepale. Tadeo alisikia nyundo yake ikinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Hakuelewa ukimya ule ulikuwa na maana gani, na aliona haya kuvuka kwenda kuuliza.

Wiki iliyofuata kamati ya msikiti ilipata chumba nyuma ya maduka ya Katesh. Mashine, jiliwa na matairi vikapakiwa kwenye trekta. Halfani alisimama mlangoni kama mwenye neno. Tadeo naye alikuwa na lake. Dereva akapiga honi.

Kibandani ukabaki mkokoteni ulioagizwa na mama Genoveva, mjane wa Basotu. Bodi lake lilikuwa zuri, limepakwa rangi, limekaa juu ya mawe bila ekseli.

Ruzuku ikatoka. Tadeo alikwenda kwenye semina ya wafadhili Katesh akiwa ameshachagua moyoni mahali jenereta itakapokaa. Akaiulizia asubuhi na mapema. Mwezeshaji, kijana mstaarabu mwenye tai, akamweleza kwamba jenereta ni vifaa, na fedha hizi ni za ushirikiano. Vifaa vingefikiriwa mwaka wa pili, iwapo itaonekana kwamba vikundi vimekaribiana kuliko vilivyokuwa mwanzo. Tadeo akamwomba arudie. Akarudia, na ikawa vilevile.

Ikaja saa ya kufahamiana. Kila mtu alipangwa na mtu asiyemfahamu, wa kikundi kingine. Mwezeshaji akaangalia orodha yake, akamshika Tadeo bega, akamketisha mbele ya Halfani.

Hawakuwa wameonana kwa miezi minne. Halfani alikuwa amekonda. Tadeo alikuwa na mengi ya kusema, ya kamba, ya tupa, ya Doto aliyepelekwa kwenye chuma, hakujua aanze na lipi, na mwezeshaji alikuwa amewasimamia na kalamu.

"Ninyi wawili mmewahi kufanya kazi pamoja?"

Tadeo akamtazama Halfani, kama alivyomtazama miaka yote sita kila alipotaka kipimo cha ekseli.

"Hapana," alisema Halfani. "Ndiyo kwanza tunaonana."

Mwezeshaji akaandika kwa furaha, akawaomba washikane mikono wapigwe picha. Tadeo akakipokea kiganja kile. Penye kidole gumba palikuwa na kovu la moto, la siku ekseli yao ya kwanza ilipoteleza, na Tadeo ndiye aliyelipaka asali akalifunga kwa kipande cha shati lake. Akalipapasa sasa kwa kidole, polepole, akingoja Halfani aubane mkono wake kidogo tu, ili ajue kwamba lile neno limesemwa kwa ajili ya jenereta.

Mpiga picha akawaambia watazame mbele. Halfani akatazama mbele. Mkono wake ulikuwa umelegea, na Tadeo hakujua kama ni mkono wa mtu aliyechoka au wa mtu asiyemfahamu.